Vitabu vya Mpiga Chapa Vimekwenda Wapi

Watu wengine huwa na kijiwe cha gogo, wengine cha matofali, lakini wale wa mtaa ule walikaa kwenye kochi. Lilikuwa kochi la watu watatu, lililoletwa kwa fundi kubadilishwa kitambaa, mwenyewe akahama mji kabla halijaisha. Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji, alilivumilia dukani mpaka likamchosha, akalitoa nje, akaliweka barazani upande wa kivuli. Haukupita muda Mama Buli akahamishia jiko lake la kahawa pembeni, na tangu hapo kochi halikupoa. Upande wa kulia ulikuwa wa Mzee Hakimu, ambaye hakuwahi kuwa hakimu hata siku moja: kazi yake ilikuwa kusimama nje ya chumba cha mahakama na kuita majina ya mashahidi kwa sauti ya kupasua dari, mpaka alipostaafu. Upande wa kushoto, penye springi iliyochomoza, alikaa Wembe, kinyozi wa kibanda cha jirani, mtu wa methali nyingi na wateja wachache. Katikati alikaa Sponji, akipata nafasi.

Alasiri hiyo Sponji alirudi kutoka nyumbani, alikokwenda kula chakula cha mchana, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Akakaa bila kusalimia. Mama Buli alimtupia jicho moja, akammiminia kahawa bila kuulizwa.

— Nani kafa? — Wembe aliuliza.

— Hajafa mtu.

— Basi mbona umetua kama mzigo? Hata hamjambo hatupati?

— Nimeibiwa, — alisema Sponji. — Tena ndani kwangu. Vitabu vya marehemu baba vimeondoka vyote. Kabati limebaki jeupe.

Kabati hilo kila mtu alilijua. Lilisimama sebuleni kwa Sponji, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na marehemu baba yake, aliyefanya kazi ya kupiga chapa mpaka macho yakamchoka, alilijaza kidogo kidogo umri wake wote. Mgeni akiingia nyumba ile aliliona kabati kwanza, kisha ndiyo akawaona wenyeji. Watu walisema, "Kwa Sponji kuna elimu," na Sponji, aliyeacha shule mapema akashika nyundo, alifurahi kusikia hivyo, maana ilikuwa elimu isiyomsumbua kwa lolote. Ilikaa pale ukutani, naye akikaa mbele yake.

Mzee Hakimu alijikohoza.

— Televisheni ipo?

— Ipo.

— Redio?

— Ipo.

— Mtungi wa gesi?

— Mzee, nimesema vitabu.

— Naandaa kesi, usinikatize. Mlango umevunjwa?

— Mzima. Na kufuli zima. Nimekuta chakula kimefunikwa mezani kama kawaida, nimeinua macho, hola. Vumbi tu limechora mistari pale vilipokuwa vimesimama.

— Ndiyo maana wahenga walisema, — alidakia Wembe, — mficha uchi hazai.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Aliviweka hadharani mno.

— Si ndiyo kinyume chake hicho? — alisema Mama Buli.

— Methali ni kama mkasi, mama. Inakata pande zote mbili.

Mama Buli alipuliza makaa, akatikisa kichwa.

— Mimi nashangaa kitu kimoja. Mwizi mwenye akili zake anaachaje televisheni, abebe makaratasi? Kwani hasa hasa watu wanaweka vitabu ndani vya nini?

— Heshima, — Mzee Hakimu alijibu papo hapo. — Kitabu ndani ya nyumba ni kama tai shingoni. Haikupi joto, lakini mtu akikuona anakuita mheshimiwa. Mimi ninavyo vya sheria, jalada la ngozi, herufi za dhahabu. Mahakama ilikuwa inavitupa, nikaviokoa.

— Umevisoma?

— Vimeshikana kwa unyevu. Ukilazimisha kufungua, vinachanika. Na mimi siwezi kuchana sheria.

— Mimi changu nimekisoma chote, — Wembe alijigamba.

Hilo halikuwa na ubishi. Wembe alikuwa na kitabu kimoja kinene cha maarifa yote ya dunia, lakini dunia yenyewe iligawanywa katika vitabu vingi, na yeye mteja alimwachia kwa kusahau kile cha kuanzia herufi K mpaka M. Ukimuuliza habari za kobe, kimondo, kunguni au mamba, atakueleza mpaka umwombe radhi. Ukimuuliza habari za nyoka, anakuangalia kichwani na kukwambia nywele zako zimeanza kuzidi.

— Mimi ninavyo viwili, — alisema Mama Buli. — Kimoja cha magonjwa ya kuku, nimekisoma mpaka jalada limedondoka. Cha pili kiko chini ya mguu wa kitanda, na kinafanya kazi kuliko vyote vyenu mkivijumlisha.

Wakacheka. Sponji hakucheka. Alikizungusha kikombe mkononi bila kunywa.

— Kuna jambo sijawaambia, — alisema. — Juzi mimi na mama watoto tulipishana maneno. Alinijia kwa upole, "Baba watoto, hivi hivi vitabu tukivitoa hapo, kuna ubaya?" Mimi nikawaka. Nikamwambia, vitabu vya baba havitoki pale maadamu mimi ni hai. Aliendelea kukunja nguo.

— Ahaa! — Mzee Hakimu alijinyoosha mpaka kochi likalia. — Sasa kesi imepata mtu.

Wakati huo alikuwa ameshafika mgeni, dereva wa lori la maji, ambaye tairi lake lilikuwa linazibwa ng'ambo ya barabara. Aliomba kahawa, akapindua ndoo na kuikalia, akanyamaza kama anyamazavyo mtu asiye na hisa katika jambo. Hakuna aliyemjali.

— Usiseme hivyo, mzee, — alisema Sponji. — Mke wangu si mtu wa hivyo.

— Sijasema kitu. Nauliza tu. Mkeo kazi yake nini?

— Si unajua? Mpishi wa shule.

— Shule! — Mzee Hakimu aliwageukia wenzake kama anayewaonyesha kisu chenye damu. — Shuleni kuna nini? Walimu. Walimu wana nini? Vitabu. Vitabu vya nini? Pengine vya sheria. Mwanamke huyu anasoma kwa siri. Anajiandaa. Siku atakayosimama mbele ya hakimu wa kweli kudai talaka, Sponji, utajikuta huna hata neno la kusema.

— Talaka inatoka wapi tena?

— Inatokaga hapo hapo pasipotazamiwa.

— Mimi sikubaliani, — alisema Wembe. — Hebu tuulize kisayansi. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi?

— Huwa wazi.

— Basi. Kimbunga. Kimbunga ni upepo wenye kujizungusha, na kinaweza kuinua ng'ombe mzima kikamtua shamba la jirani bila kumchubua. Nimesoma. Sasa kama kinainua ng'ombe, kitabu ni nini?

— Kikaacha mapazia? Kikaacha sahani ya chakula?

— Kimbunga kinachagua. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Huyu mtu, — Mama Buli alimwambia Sponji, — siku akikunyoa akiwa anaongea, shika masikio yako.

Kisha naye akavuta kigoda karibu, akashusha sauti.

— Mimi nitakwambia ukweli, ukikasirika shauri yako. Ya kwanza, marehemu anaweza kuwa amevifuata mwenyewe. Watu wanaopenda vitu vyao huvifuata.

— Mama Buli!

— Nasema tu. Ya pili ndiyo nzito. Mwanamke akitaka kuondoka, hachukui nguo kwanza. Nguo zinaonekana. Anatoa vitu ambavyo mume havitazami. Leo vitabu, kesho picha za ukutani, keshokutwa yeye. Mwanamke anayehamisha vitabu anahamisha moyo, mwanangu.

Maneno hayo yalimkaa Sponji kifuani kama msumari uliopigwa upande. Yale ya talaka na ya kimbunga aliweza kuyapuuza. Haya alishindwa, kwa sababu siku hizo mkewe alikuwa amebadilika kweli. Alirudi kutoka shuleni mapema kuliko zamani. Alikuwa na kawimbo mdomoni. Na mara mbili au tatu, Sponji alipopita nyumbani kuchukua kifaa, alimsikia akizungumza chini chini huko vyumba vya uani, na aliposukuma mlango wa mbele, sauti ikakatika. Alimuuliza anaongea na nani. Mkewe akamjibu, "Na mama."

Hapo ndipo palipomwuma. Mama yake Sponji aliishi nao, katika chumba cha uani, na tangu walipomzika mumewe hakuwa ametamka neno. Madaktari walimtazama koo, wakamtazama kichwa, wakasema mgonjwa hana kasoro, apewe muda. Muda walimpa. Kila asubuhi Sponji aliingia kumwamkia, na mama alimtazama tu, kwa macho mazuri kabisa, kama mtu anayetazama barabara kutoka dirishani. Sasa mtu anaongeaje chini chini na asiyeongea?

— Mama yako yeye hakuona kitu leo? — aliuliza Wembe, kana kwamba amesoma mawazo yake.

— Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nilidhani kalala, sikutaka kumwamsha. Na hata angeona, angeniambiaje?

Wembe, ambaye hakuweza kuvumilia kimya hata msibani, alitoa mfukoni kifuko cha karanga alizonunua asubuhi, akakikunjua gotini awagawie wenzake. Mzee Hakimu alinyoosha mkono kuchukua karanga, mkono ukasimama hewani.

— Usile! Hiyo karatasi ni ya nini?

Wote wakainama. Karanga zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi iliyopigwa chapa pande zote mbili, ukurasa wa kitabu, ukingo mmoja umechanika pale ulipong'olewa.

— Mama yangu, — alisema Mama Buli. — Kaviuza kwa wauza karanga.

Mzee Hakimu alikung'uta maganda, akaiinua karatasi, akasoma kwa ile sauti yake ya kuita mashahidi, mpaka fundi wa tairi ng'ambo ya barabara akageuka:

— "Kwato za mbuzi zikilainika wakati wa mvua, mfugaji asimfukuze mbuzi wake juu ya mawe, bali…" Hapo pana mafuta. Sponji! Marehemu alifuga mbuzi?

— Baba? Hakufuga hata paka.

— Lakini alikuwa na kitabu cha mbuzi?

— Labda.

— Labda ya ndiyo, au labda ya hapana?

— Labda ya labda, mzee! Mimi nitajuaje?

— Si kabati lako?

Sponji alisimama. Utepe wa kupimia ulimteleza shingoni, akaukamata na kuuzungushia ngumi. Aliona mbele ya macho yake vitabu vya baba yake vikichanwa ukurasa mmoja mmoja, vikikunjwa pembe, vikijazwa karanga, vikitupwa mitaroni. Aliyaona na mapenzi ya miaka yote na mkewe yakienda njia hiyo hiyo.

— Nampigia kaka yake, — alisema. — Aje amchukue dada yake. Leo hii.

— Hapo umefanya kiutu uzima, — Mzee Hakimu alikubali. — Mwite mlezi wake, ayasikie kwa masikio yake.

— Haraka haraka haina baraka, — alisema Wembe, — kwa hiyo piga sasa hivi.

Sponji akapiga. Simu iliita upande wa pili, ikaita, ikaita, mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikawa vile vile. Alibaki ameishika mkononi akihema.

Ndipo yule dereva wa lori la maji, aliyekuwa kwenye ndoo yake wakati wote huo, aliweka kikombe chini.

— Samahanini, — alisema. — Mimi mpita njia tu. Mnasema vitabu, vitabu. Vilikuwa vitabu vya nini?

— Vya marehemu, — alijibu Wembe.

— Hilo nimelisikia. Nauliza vinaitwaje. Hata kimoja.

Mzee Hakimu akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Mama Buli. Wote watatu walikuwa wameingia nyumba ile mara zisizo na idadi, wakakaa mbele ya kabati lile, wakalisifia. Kisha wote wakamtazama Sponji.

Sponji alifungua mdomo. Mbao za kabati alizijua, na bawaba zake, na msumari mmoja aliougongomea mwenyewe rafu ya juu ilipoanza kulegea. Alijua kwamba kulikuwa na kitabu chekundu, na kimoja kinene kupita vyote, na kingine kilichokuwa kinalalia upande. Alitafuta jina. Alitafuta tena.

— Baba ndiye aliyekuwa anavisoma, — alisema hatimaye, polepole. — Jioni, akitoka kazini. Anasoma kwa sauti. Mimi niko nje nacheza.

— Anamsomea nani? — aliuliza dereva.

— Mama.

Alipolitamka hilo alihisi kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani huku ameivaa. Hakujua bado amegundua nini. Alijua tu kwamba alikuwa karibu kumfukuza mke wake kwa ajili ya vitu ambavyo hawezi kuvitaja majina, na kwamba hakuwa amemuuliza hata neno moja.

— Nakwenda nyumbani, — alisema.

Hakufika mbali, simu ikalia. Alikuwa shemeji yake, ana wasiwasi.

— Shemeji, nimekuta umenipigia mara mbili. Kuna usalama huko?

Sponji alisimama katikati ya njia. Nyuma yake aliwasikia wale wote wakisimama pia, maana walikuwa wanamfuata, Mama Buli na birika lake mkononi.

— Usalama upo, shemeji, — alisema. — Nilikuwa nakusalimia tu. Tumepotezana sana.

— Mara mbili?

— Ya pili ni ya watoto.

Akakata, akafuta jasho, akaendelea kutembea.

Hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka uani, kwa sababu alipokaribia alisikia ile sauti ya chini chini, sauti ya mkewe, ikitoka kwenye dirisha la chumba cha mama yake. Akajibanza ukutani. Wenzake wakajibanza nyuma yake kwa foleni, dereva wa mwisho, kofia mkononi.

— "Basi yule binti akasimama mbele ya mlango wa mfinyanzi, akabisha…" — mkewe alikuwa anasoma. Kisha akanyamaza, karatasi zikasikika zikipekuliwa. — Hapa tena pameruka, mama. Tunaingia moja kwa moja kwenye harusi ya mtu mwingine. Karatasi zimepotea.

Na sauti ya pili ikajibu, kavu, yenye kutu, kama bawaba ya mlango wa siku nyingi.

— Hazikupotea. Hazikuwepo tangu mwanzo. Ndiyo maana baba yenu walimpa bure.

Sponji alishika ukuta.

— Vyote hivyo ni vibovu, — mama yake aliendelea. — Hicho hakina katikati. Kile chekundu kimeanza ukurasa wa mwisho. Kile pale, jalada la dawa za mifugo, ndani mashairi. Vikikosewa mitamboni vilikuwa vinatupwa, yeye anavibeba. Nikamwambia, mume wangu, unaniletea vilema tupu. Akaniambia, vizima vina watu wa kuvinunua.

— Sasa huyu binti alifunguliwa mlango, au hakufunguliwa?

— Inategemea.

— Inategemea nini, mama?

— Pale pasipo na karatasi alikuwa anajaza mwenyewe. Siku niliyompikia vizuri, binti anafunguliwa, anakaribishwa, anaolewa. Siku niliyomnunia, anatumbukia kisimani.

Mkewe alicheka, kicheko kile ambacho Sponji hakuwa amekisikia tangu msiba. Na juu yake kikapanda kingine, chembamba, cha kikongwe, kinachojikwaa na kuinuka.

Hakukumbuka baadaye alivyofika mlangoni. Vitabu vilikuwa vimepangwa kando ya kitanda, chini ya dirisha, juu ya sanduku, kila mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala ungeweza kufika. Mama yake alikuwa ameketi, mito mgongoni, khanga mabegani. Mkewe alikuwa chini, bado na aproni ya kazini, kitabu kimefunguka mapajani.

— Shikamoo, mama, — alisema Sponji.

— Marahaba, — alijibu mama yake. — Ondoka hapo mlangoni, unatuzibia mwanga.

Alijikalisha juu ya rundo la vitabu lililokuwa karibu.

— Na hivyo si kiti! — mama yake alimkemea.

Akateleza mpaka sakafuni, akakaa hapo, akajifuta uso kwa utepe wa kupimia kwa kuwa ndio uliokuwa mkononi.

— Baba watoto, — alisema mkewe. Hofu ilimjaa machoni. — Najua ulisema visiguswe. Lakini wewe ukishatoka asubuhi, mama alikuwa anajikongoja mpaka sebuleni, anasimama mbele ya kabati, anagusa kimoja kimoja, halafu anarudi kulala. Kila siku. Nikaanza kumletea kimoja, namsomea nikirudi kazini. Alikuwa ananitazama midomo tu. Jana, nilipofika pasipo na karatasi, akasema, "Hapana, si hivyo." Maneno matatu tu, akanyamaza tena. Nilikaa macho usiku kucha. Nikasema leo namletea vyote, na ukinigombeza, unigombeze.

— Kwa nini hukuniambia jana?

— Niliogopa. Kama angekuwa amesema hayo tu, basi? Ningekupa tumaini, halafu ungeingia kesho kumwamkia ukute kimya kile kile. Nilitaka niwe na hakika kwanza. — Akamtazama vizuri. — Kwani mbona umekuja saa hizi? Ulidhani nini?

Sponji alitazama mlangoni. Mzee Hakimu alikuwa anachunguza dari kwa makini.

— Alidhani kimbunga, — alisema Wembe.

Sponji alianza kucheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, akaushika mkono wa mkewe na hakuuachia, ingawa watu walikuwa wanatazama na yeye si mtu wa kushikana mikono mbele ya watu. Kile kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu mchana kilitoka, na pamoja nacho kikatoka kitu cha zamani zaidi, ambacho alikuwa amekizoea mpaka akasahau kwamba ni kizito.

— Na hao ni kina nani wote? — aliuliza mama yake. — Kuna msiba mwingine?

— Ni rafiki zangu wa kijiweni, mama.

— Na yule mrefu mwenye kofia?

— Dereva wa lori la maji, mama, — alijibu mwenyewe kwa adabu. — Shikamoo. Tairi langu linazibwa.

— Marahaba. Basi kaa. Tairi haliwezi kwenda bila wewe.

Wakakaa, wengine sakafuni, wengine kizingitini. Mama Buli akagawa kahawa kwa vikombe vya nyumba ile. Mama yake Sponji alikipokea chake kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu wageni aone kama chakula kitatosha.

— Haya, — alisema. — Aliyekuwa anatujazia hayupo. Binti amesimama mlangoni kwa mfinyanzi, anabisha. Jua limezama. Tunamfanyaje?

Hapo kikazuka kijiwe kamili. Mzee Hakimu alitaka binti aitwe kwa jina mara tatu kabla ya kuingia. Mama Buli alisema mfinyanzi huyo ana mke mwingine huko ndani, ndiyo maana hafungui. Wembe alisema mfinyanzi ni herufi M, kwa hiyo hilo ni eneo lake, na kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, maana yake binti asifunguliwe. Mama mtu aliwasikiliza wote, akainua mkono.

— Namuuliza mwanangu.

Sponji alishtuka. Katika maisha yake hakuwa amewahi kumsimulia mtu hadithi. Alikuwa anapima, anakata, anagongomea. Alimtazama mkewe, mkewe akamtikisia kichwa kidogo: sema. Akajaribu kumwona yule mfinyanzi, mtu wa kazi ya mikono kama yeye, kazi ikiwa katikati, mtu anabisha.

— Mfinyanzi alisikia, — alisema taratibu. — Lakini alikuwa na udongo mpaka viwikoni. Akishika kitasa atakichafua. Na chungu kilikuwa kinazunguka, akikiacha kinaanguka. Kwa hiyo akamwambia kwa sauti, "Sukuma mwenyewe, uingie. Halafu njoo unishikie hapa."

Mama yake alifikiri. Alikunywa kahawa, akafikiri tena.

— Baba yako hakuwahi kumleta huyo mfinyanzi hivyo, — alisema, akajiegemeza vizuri kwenye mito. — Endelea.